Kisanduku Kinachofunguka

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilifundishwa shuleni nikiwa binti mdogo, nikaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha nikaiacha huko huko. Ilinirudia uzeeni, mwezi wa Novemba 2025, majirani wakiwa mbioni kukamata senene, na kilichoirudisha hakikuwa mkeka wala msala bali kompyuta.

Ndugu msomaji, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Kibeta, katika Manispaa ya Bukoba. Kikundi chetu ni kama vikundi vingine unavyovijua: tunaweka na kukopeshana, tunasaidiana katika misiba, na mwisho wa mwaka tunagawana kilichopatikana. Hesabu zote hizo zimo ndani ya kompyuta ndogo ya mezani iliyoko sebuleni kwangu. Ni kisanduku chenye ukubwa wa kamusi nene, kilichounganishwa na kioo chake, kibodi na kipanya. Katika kikao cha mwezi huo mwanachama mmoja, mwalimu kijana ninayempenda kama mwanangu, alisimama akasema, "Waitu Katibu, naomba unisamehe. Kisanduku hiki kimezeeka. Siku hizi mambo yote yako kwenye kishikwambi. Tukiuze, tuongeze fedha kidogo, tununue vishikwambi viwili, kimoja chako na kimoja cha Mweka Hazina. Kila mmoja awe na hesabu mkononi popote aendapo."

Wengi walipiga makofi. Hoja yake ilikuwa nzuri, nami sikuwa na jibu la papo hapo. Niliomba nipewe mwezi mmoja nitafakari, kwani jambo hili lilinigusa kuliko walivyojua wenzangu. Haya unayoyasoma ndiyo niliyoyafikiri katika mwezi huo.

Kwanza nilirudi nyuma, maana mtu hawezi kusema chombo fulani kimepitwa na wakati kabla hajaujua wakati wenyewe. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, kutoka kampuni ya Kiingereza. Mashine za siku hizo zilijaza chumba na zilihitaji watu maalumu wa kuzihudumia. Jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta halikwenda kama ilivyotarajiwa. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, tukategemea wageni, na gharama zilikuwa kubwa. Hatimaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, na aliyeihitaji ilimbidi apate kibali maalumu.

Wako wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki. Nchi maskini ilikuwa imelipia chombo ambacho watu wake hawakuweza kukifungua, kukitengeneza wala kukielekeza, ikaona heri kukiweka kando. Hata hivyo, lazima tukubali kwamba tulilipa bei yake. Katika miaka ile ile tuliyofunga mlango, kompyuta ilitoka chumbani ikaja mezani. IBM walitoa kompyuta yao ya mtu binafsi mwaka 1981, na Apple wakatoa Macintosh mwaka 1984. Marufuku yetu ililegezwa miaka ya 1980, wenzetu wakiwa wameshatangulia mbali.

Mimi niliajiriwa kuwa mpiga chapa mwaka 1980, katika ofisi moja hapa Bukoba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na uchumi ulikuwa umelala chini. Utepe wa wino wa taipureta ulikuwa adimu kama sukari. Tuliugeuza na kuugeuza tena hadi herufi zikawa kama vivuli. Barua ikihitaji nakala nne, tulipachika karatasi za kaboni na kugonga kwa nguvu, jioni vidole vinauma. Lakini taipureta ile niliijua. Nyuzi zikilegea nilizikaza, herufi ikikwama niliisafisha kwa mswaki na tone la mafuta ya taa. Ilikuwa mali ya ofisi, ila nilijisikia kana kwamba ni yangu, kwa sababu nilijua kilichomo ndani yake.

Kompyuta ilifika ofisini petu mwaka 1992. Iliwekewa chumba chake na mapazia mazito, tukaagizwa kuvua viatu mlangoni. Ufunguo ulikaa kwa mkuu wa ofisi, naye akisafiri, ulisafiri naye. Nilipelekwa kozi ya majuma mawili kujifunza WordPerfect, ile programu ya kuandikia yenye kioo cha rangi ya samawati na maandishi meupe. Nilirudi na disketi tatu katika mkoba wangu, nikitembea kwa uangalifu kana kwamba nimebeba mayai. Kwa muda wa miezi mingi mashine ile ilifanya kazi siku chache tu. Ilipoharibika, hakuna aliyethubutu kuigusa, ikasubiri fundi kutoka Dar es Salaam. Nasi tukarudi kwenye taipureta zetu.

Niliacha kazi mwaka 2003, nikateremka mjini kufungua steshenari yangu ndogo. Nilinunua kompyuta mbili zilizokwisha tumika Ulaya, makasha makubwa ya chuma na vioo vyenye kisogo kirefu kilichoila meza nzima. Umeme wa mkoa wetu kwa miaka mingi umekuwa ukitoka Uganda kupitia Masaka, na mtu wa Bukoba hahitaji kuhadithiwa juu ya kukatika kwake. Mara ngapi nimeandika risala ya arusi kurasa nne, kisha ghafla giza, na bwana arusi amesimama mlangoni!

Lakini katika steshenari hiyo nilikipata nilichokikosa ofisini. Makasha yale yalifunguka. Kijana mmoja aliyekuwa akiniungia vifaa alinionyesha: hii ni diski, hii ni kumbukumbu ya kazi, hiki ni kipoozeo, kifute vumbi kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nabadilisha diski mwenyewe. Mwezi Desemba 2004 ilitolewa programu iitwayo Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa na menyu kwa Kiswahili na kutolewa bure. Nilipoiona kwa mara ya kwanza, nikasoma maneno ya lugha yangu juu ya kioo, nilikaa kimya kidogo. Miaka 30 baada ya marufuku, mashine ilikuwa inatusikiliza kwa lugha yetu wenyewe.

Baadaye makasha yakaanza kunywea. Apple walitoa Mac mini mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2012 na kuendelea, makampuni yanayouzia maofisi, kama vile Lenovo, HP na Dell, yalileta kompyuta za mezani zinazoweza kutoshea nyuma ya kioo. Mwaka huo huo wa 2012 Waingereza walitoa Raspberry Pi, kompyuta kamili yenye ukubwa wa kadi ya benki, kwa ajili ya kuwafundishia vijana, kwa bei ya dola 35. Maofisi ya Ulaya yalipoviacha visanduku hivyo na kununua vipya, vilianza kuonekana katika maduka ya vifaa vilivyotumika hata kwetu. Changu nilikinunua mapema mwaka 2016. Chaja yake imeandikwa wati 65, na kwa kazi ya kuandika hula pungufu ya hapo. Umeme ukikatika, betri ya sola ya nyumbani inakibeba jioni nzima, jambo ambalo yale makasha ya zamani na vioo vyake yasingeliweza kamwe.

Sasa kishikwambi. Sitaki kukitendea uonevu. Tangu Apple walipotoa iPad mwaka 2010, chombo hiki kimefika mahali ambapo kompyuta ya mezani haikufika kamwe. Wakati wa Sensa ya Watu na Makazi, Agosti 2022, karani alikuja nyumbani kwangu akiwa nacho. Alisimama chini ya mgomba, akauliza na kugusa, akauliza na kugusa, na bila kuchukua hata karatasi moja akaaga akaenda kwa jirani. Nilikumbuka sensa za zamani na mizigo yake ya madodoso. Baada ya sensa hiyo vishikwambi viligawiwa kwa walimu, na yule mwalimu wa kikundi chetu anacho kimoja. Anasomea humo, anajazia taarifa za wanafunzi humo, na umeme ukikatika hatishiki, kwani betri imo ndani. Mimi mwenyewe, macho yakichoka, hukitumia cha mjukuu wangu kusomea magazeti, nikiyakuza maandishi kwa vidole viwili. Anayesema kishikwambi ni kitu cha mchezo hakijui.

Basi kwa nini sikupiga makofi pamoja na wenzangu? Kuna mambo mawili yaliyonipata, moja baya na moja baya zaidi.

La kwanza ni la tarehe 10 Septemba 2016. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri, nami nilikuwa nyuma ya nyumba. Ardhi ilinguruma kama lori zito linapita chini ya miguu yetu, kisha ikatikisika. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba katika mkoa wetu. Mimi nilinusurika, namshukuru Mungu. Ukuta wa sebule yangu uliangukia ndani, juu ya meza. Tulipoondoa matofali siku ya tatu, kioo kilikuwa unga, na kisanduku kilikuwa kimebonyea ubavu mmoja kama kopo lililokanyagwa.

Ndani yake zilikuwamo hesabu za kikundi: hisa za kila mwanachama, madeni, na fedha za msiba. Fikiri, ndugu msomaji, wakati huo ndipo kila mmoja alipohitaji akiba yake ili aezeke upya nyumba. Bila daftari hilo tungegombana hadi kesho kutwa. Nilikibeba kisanduku ndani ya kanga hadi kwa fundi mjini. Akafungua skrubu, akainua kifuniko kwa bisibisi, akachomoa diski isiyozidi ukubwa wa pakiti ya karata. Aliipuliza vumbi, akaiunganisha na kompyuta yake. Baada ya dakika chache akageuza kioo chake kwangu akasema, "Mama, haya hapa majina ya watu wako." Nililia pale dukani bila aibu. Tulilipana kila mtu haki yake, hakuna aliyeinua sauti.

Jambo la pili ni la kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi kwetu Muleba, katika kibanja cha baba. Mwanawe alimletea kishikwambi mwaka 2019, naye alikipenda sana. Mama yetu alikuwa bado hai, mzee sana, mwenye kumbukumbu kuliko sisi wanawe. Kaka alikuwa akimkalisha kibarazani nyakati za jioni na kumrekodi: habari za oruganda letu na omuziro wetu, ni nani alitoka wapi na kwa nini, nyimbo zilizoimbwa kwa enanga, majina ya mashamba yaliyokwisha badilishwa majina. Alikuwa ananipigia simu akisema, "Leo mama kanieleza habari ya babu na njaa, njoo usikilize." Nilijibu nitakuja. Mama alifariki mwaka 2021. Kaka akamfuata mwaka 2023, ghafla, kwa ugonjwa wa siku mbili.

Baada ya matanga nilikichukua kishikwambi kile. Kizima, safi, hakina hata mkwaruzo. Nilipokiwasha kilidai namba za siri. Mjane hakuzijua, watoto hawakuzijua. Nilijaribu mwaka wa kuzaliwa kwa kaka, kisha wa mama, kisha kikakataa kujaribiwa. Nilikipeleka kwa fundi yule yule aliyeokoa hesabu zetu. Akanieleza kwa upole kwamba katika chombo cha namna hii kumbukumbu imelehemiwa kwenye bamba lake, na yaliyomo yamechanganywa kwa ufunguo unaotegemea zile namba. Hata akiichomoa, atakuta vurugu tupu. Kwenda kuhifadhi nakala mtandaoni, kaka hakuwahi, maana bando lilikuwa ghali na mtandao wa kijijini ulikuwa wa kubahatisha. Niliomba mtu mwingine akijaribu Mwanza. Jibu likawa lile lile: kinaweza kufutwa chote kikatumika upya, basi.

Sikulaumu chombo. Kufuli lile lile lililonizuia mimi lingemzuia na mwizi, na kuna watu wengi waliookolewa na kufuli hilo. Wala sisemi kwamba kompyuta ya mezani haiwezi kufungwa kwa siri. Inaweza, tena zilizo mpya zaidi mara nyingi hufungwa hivyo. Ninachosema ni kwamba vyombo hivi viwili vimejengwa kwa fikra mbili. Kishikwambi kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, akiwa hai, akiwa na namba zake kichwani. Kisanduku changu kimetengenezwa kwa ajili ya meza, na meza hukaliwa na watu wengi, wa leo na wa kesho. Sehemu ikifa, inatolewa na kuwekwa nyingine, na mwenye bisibisi anaweza kurithi kazi ya aliyetangulia.

Hapo nikamkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu ng'ambo ya ziwa. Alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na kitabu hakikupigwa chapa hadi mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka 35 mswada ule ulingoja, na ulipohitajiwa ulisomeka. Karatasi haikumwuliza mtu namba za siri. Je, sauti ya mama yangu itangoja miaka 35?

Lakini nisijisifu mno kwa ajili ya kisanduku. Zile disketi tatu nilizozibeba kama mayai mwaka 1992 ninazo hadi leo, na sina mashine ya kuzisoma. Diski nayo hufa, mara nyingine bila kuaga. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha kuihudumia Windows 10, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha kisanduku changu, nacho ni kizee mno kupokea Windows 11. Mwalimu wetu alikuwa na haki kusema kimezeeka. Ila uzee wake una dawa: fundi anaweza kukiwekea diski mpya isiyozunguka na mfumo wa bure wa Linux, kikaendelea kutunza hesabu kwa miaka kadhaa. Chombo kisichofunguka, kampuni ikikoma kukihudumia, mwenyewe hana la kufanya ila kununua kingine.

Katika kikao cha Desemba niliwaeleza wenzangu yote haya, pamoja na habari ya kaka, ambayo wengi hawakuijua. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mwalimu wetu aliuliza, "Sasa Mama Katibu, wapendekeza nini?" Nikasema, tusiuze. Tutengeneze kisanduku, kibaki kuwa ghala. Kisha tununue kishikwambi kimoja, cha Mweka Hazina, apite nacho nyumba kwa nyumba akiandika michango, na jioni ya kila Jumapili alete kumbukumbu ziingizwe ghalani. Kila mwisho wa mwezi hesabu zichapwe kwenye karatasi na nakala moja iwekwe kwenye flashi. Namba za siri za vyombo vyote viwili ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, akae nayo Mwenyekiti. Kikao kilikubali. Mwalimu ndiye aliyeunga mkono hoja.

Watu wakiuliza kama kompyuta ndogo ya mezani bado ina maana katika zama za vishikwambi, mimi hujibu kwamba swali lenyewe halijakamilika. Mwaka 1974 tulikiweka kando chombo tusichoweza kukifungua. Leo tunanunua kwa furaha vyombo ambavyo hata mafundi wetu hawawezi kuvifungua, na hatuulizi kitu. Kishikwambi ni kizuri cha kutokea nje, kukusanya, kusoma na kuwasiliana. Lakini kila nyumba, kila shule na kila kikundi kinahitaji mahali pamoja, hata padogo kama kamusi, ambapo kilichokusanywa kinawekwa, kinanakiliwa, na kinaweza kukabidhiwa kwa atakayekuja baadaye.

Kishikwambi cha kaka bado kimo kabatini mwangu, kimefungwa ndani ya kitambaa cha mama. Fundi aliwahi kuniuliza kama akifute, apewe mtoto wa shule akitumie. Nilimwambia bado. Jioni, kazi zikiisha, nakaa mbele ya kisanduku na kuandika yale machache ninayoyakumbuka mwenyewe kutoka kinywani mwa mama. Mpaka leo nimefika ukurasa wa 11. Habari ya babu na njaa siijui. Niliahidi kwenda kuisikiliza, sikwenda.